Nimepangiwa tiba ya kugandisha mlango wa kizazi: nijitayarishe vipi?

Mwalimu wa Ahero anauliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ahero, nina umri wa miaka 34 na watoto wawili. Mhudumu wa afya ya jamii alipopita kwetu akituhimiza akina mama tuliofika miaka 30 tukapimwe saratani ya mlango wa kizazi, nilikwenda katika kituo kimoja cha afya mjini Kisumu ingawa sikuwa na maumivu wala dalili yoyote. Muuguzi alinipaka siki, akangoja kidogo, akatazama tena kwa taa, kisha akaniambia kwamba ameona doa jeupe kwenye mlango wa kizazi, kwamba hakuona dalili ya saratani, na kwamba doa hilo linaweza kuondolewa kwa kugandishwa. Angenitibu papo hapo, lakini gesi ilikuwa imekwisha mtungini, hivyo nikapewa tarehe nyingine.

Maelezo yake yalikuwa ya upole, ila foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa nimeshtuka kiasi kwamba nusu ya maneno yalinipita. Tangu nirudi nyumbani maswali yamenijaa. Baridi inaondoaje doa? Nitadungwa sindano ya ganzi au nitavumilia hivyo hivyo? Niende bila kula? Nikitoka hapo nitaweza kupanda matatu hadi Ahero na kusimama mbele ya darasa kesho yake? Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni kwamba mimi na mume wangu tumepanga kupata mtoto wa tatu, na mwalimu mwenzangu ameniambia kwamba kugandishwa huko hufunga kizazi. Jirani naye anasema kwamba wauguzi huwaficha watu, na kwamba doa likishaonekana basi ni saratani tayari. Naomba anayelijua jambo hili, kwa kulisomea au kwa kulipitia, anieleze yote.

Muuguzi wa Kakamega anajibu:

Dada Mwalimu, pole kwa mshtuko, na umefanya vyema sana kwenda kupimwa ukiwa huna dalili, kwa maana huo ndio wakati ambao kipimo hicho kina faida kubwa zaidi. Ninafanya kazi katika chumba cha uchunguzi wa aina hiyo, na nitakueleza kwa urefu kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba mama anayejua kinachokuja hutulia kitandani, na akifika nyumbani hujitunza vizuri zaidi.

Nianze na doa lenyewe. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana na ambavyo wanawake wengi hukutana navyo wakati fulani maishani bila kujua. Kwa walio wengi, mwili huviondoa wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache virusi hubaki, na seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Kutoka mabadiliko hayo hadi saratani yenyewe, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye virusi vya ukimwi ambaye hajapata matibabu, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Siki tunayopaka, yenye asidi ya asilimia 3 hadi 5, huzifanya seli zilizobadilika ziwe nyeupe baada ya dakika moja hivi, nasi tukaziona kwa macho. Wapo wanawake ambao doa lao, kama lingechunguzwa maabara, lingeonekana kuwa halina hatari kubwa, lakini kwa kuwa tiba yenyewe ni nyepesi, tunaona ni heri kuliondoa kuliko kumwacha mama arudi nyumbani nalo na pengine asionekane tena.

Kuhusu jirani yako, ningependa ulijue hili ili moyo wako utulie. Si kila doa linaruhusiwa kugandishwa. Kabla ya kumpangia mama tiba hii, ni lazima tuwe tumeliona doa lote mwanzo hadi mwisho, tuwe na hakika kwamba haliingii ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, kwamba halijafunika zaidi ya robo tatu ya mlango huo, kwamba ncha ya chombo cha kugandishia inaweza kulifunika, na kwamba hakuna chochote kinachotutilia shaka ya saratani. Shaka hiyo ikiwapo hata kidogo, hatugandishi. Tunachukua kinyama kipelekwe maabara na tunampa mama rufaa. Kwa hiyo huko kuambiwa kwamba unafaa kugandishwa ni dalili kwamba muuguzi wako alitazama akaona mambo yako hayajafika huko.

Sasa tiba yenyewe. Utalala chali kama siku ile ya kupimwa, utawekewa spekulamu, kile chombo cha kuupanua uke, na utapakwa siki tena ili doa lionekane. Kisha itawekwa ncha ya chuma ya duara yenye upana wa sentimita 2 hadi 2.5, iliyounganishwa kwa mpira na mtungi wa gesi. Gesi hiyo ni kaboni dioksidi au nitrasi oksidi. Inapotoka katika tundu jembamba na kutanuka ghafla ndani ya ncha hiyo, huipoza hadi nyuzi 60 na zaidi chini ya sifuri. Gesi haiingii mwilini mwako. Hupita ndani ya chuma na kutoka nje, na ndiyo maana utasikia sauti ya kuvuma ambayo huwatisha wengi wasioitarajia. Ngozi iliyoguswa huganda ikawa barafu nyeupe, na barafu hiyo huenea polepole hadi ivuke ukingo wa ncha kwa milimita 4 au 5. Seli zinazofikia nyuzi 20 chini ya sifuri hufa.

Tunagandisha dakika 3, tunaacha dakika 5 iyeyuke, kisha tunagandisha tena dakika 3. Akina mama huniuliza kwa nini tunarudia. Baridi ya kwanza hutengeneza chembe za barafu ndani ya seli na kuzipasua, kule kuyeyuka polepole huziharibu zilizosalia, na baridi ya pili hushuka chini zaidi kuliko ya kwanza. Ncha haivutwi kwa nguvu ikiwa imeshikamana na ngozi. Tunaifunga gesi na kungoja iachie yenyewe. Ukihisi kwamba wamekaa kimya bila kufanya lolote, ujue kwamba wanasubiri saa.

Sindano ya ganzi kwa kawaida haihitajiki, kwa kuwa sehemu ya nje ya mlango wa kizazi haina mishipa mingi ya fahamu kama ngozi ya mkono. Utahisi baridi, kisha tumbo la chini litakukaza kama linavyokaza wakati wa hedhi. Wengine huona kizunguzungu wanapoinuka, kwa hiyo usiharakishe kuteremka kitandani hata kama unasikia foleni ikinung'unika nje.

Kuhusu maandalizi: kula chakula chako cha kawaida, kwa sababu tumbo tupu huongeza kizunguzungu. Vaa sketi au gauni pana. Chukua sodo za kutosha, zile kubwa. Waulize mapema kama unaweza kumeza dawa ya maumivu nusu saa kabla. Usiweke kitu chochote ukeni siku mbili kabla, iwe dawa, sabuni au maji ya kuosha ndani. Mweleze muuguzi, bila kungoja aulize, kama umekosa hedhi, kama una koili ya kupanga uzazi, kama unatokwa na uchafu wenye harufu au una maumivu ya nyonga, kwa maana ujauzito hufanya tiba iahirishwe hadi baada ya kujifungua, na maambukizi hutibiwa kwanza. Na kwa kuwa gesi ilikwisha mara ya kwanza, pigia kituo simu asubuhi ya siku hiyo kabla ya kulipa nauli.

Mama wa Nyalenda anajibu:

Mwalimu, mimi nimepitia. Muuguzi amesema vizuri, nami nitaongeza yale ambayo mtu huyajua akiisharudi nyumbani kwake, kwa sababu kwangu ile shughuli ya kitandani ilikuwa fupi na ya kuvumilika. Kilichohitaji matayarisho ni ule mwezi uliofuata.

Siku yenyewe tumbo lilinikaza zaidi katika ile baridi ya kwanza, nikatokwa na jasho usoni, na muuguzi akaniambia nipumue polepole kwa mdomo. Ile ya pili ilikuwa nafuu. Nililala pale kidogo, nikanywa chai kwa mama mmoja nje ya lango, nikapanda matatu nikarudi. Jioni nilipika mwenyewe.

Maji ndiyo yaliyonishangaza. Niliambiwa kwamba nitatokwa na majimaji, nikadhani ni kidogo tu. Siku za mwanzo yalikuwa mengi, mepesi, wakati mwingine yenye rangi ya waridi hafifu, na mimi huuza samaki nikiwa nimeketi tangu asubuhi. Nilijifunza kubadilisha sodo kila baada ya saa chache hata kama naona haijajaa, kuvaa chupi za pamba, kukunja leso na kuikalia, na kubeba nguo ya akiba katika mfuko. Nilipochelewa kubadilisha, mapaja yalichubuka, nikawa napaka mafuta ya mgando kwa nje. Nunua sodo zote kabla ya siku ya tiba, tena nunua zaidi ya unavyofikiri, maana tamponi haziruhusiwi. Kwa mwalimu anayesimama darasani siku nzima, ningeomba kazi isiyokufunga katika siku hizo za kwanza, ili uweze kutoka kila kipindi kinapokwisha. Kwangu yalipungua baada ya wiki mbili, yakaisha karibu na wiki ya nne.

Pia niliambiwa nisibebe mizigo mizito siku za mwanzo. Kwetu maji tunachota kwa mitungi ya lita 20, kwa hiyo watoto wakubwa na mume wangu walichukua kazi hiyo. Hilo ulipange mapema, kwa sababu ukishafika nyumbani unaonekana mzima kabisa na hakuna atakayekumbuka kwamba una kidonda ndani.

La mwisho ni mume. Kwa wiki nne hakuna tendo la ndoa. Nilimwomba aje nami kliniki, na muuguzi akamweleza yeye mwenyewe sababu: kuna kidonda kinachopona, na kikiguswa kinaweza kutoka damu au kupata maambukizi. Alilipokea kwa muuguzi kwa urahisi kuliko ambavyo angelipokea kwangu.

Baba wa Kondele anajibu:

Naunga mkono maneno ya Mama wa Nyalenda. Shemeji yangu Mwalimu, mwambie mume wako kabla ya siku, si usiku wa siku hiyo. Mke wangu alipofanyiwa, kilichonisaidia ni kuambiwa wazi muda ni kiasi gani na kwa nini. Mwanamume akiachwa bila maelezo hujaza mwenyewe, na hujaza mabaya. Nilijulishwa pia kwamba ikitokea mtu ameshindwa kabisa kungoja wiki hizo nne, basi kondomu ni lazima. Sisi tulingoja.

Mkulima wa Bondo anajibu:

Mimi nina ushauri tofauti, na ninautoa kwa nia njema. Mama yangu mzazi aliwatibu wanawake wengi kwa majani yanayochemshwa, mama akakalia mvuke, kisha akaoshwa ndani kwa maji yale yakiwa vuguvugu. Walisema wanapona na majimaji yanakauka upesi. Kwa nini Mwalimu asijaribu hilo kwanza, na akitaka kwenda hospitali aende baadaye, au alitumie baada ya tiba ili kidonda kikauke?

Muuguzi wa Kakamega anajibu:

Ndugu yangu Mkulima, naiheshimu kazi ya mama yako, na najua kwamba wapo wanaokuja kwetu wakiwa wameshapita kwa wazee. Lakini katika jambo hili naomba unisikilize vizuri. Doa la aina hii haliumi wala halitoi harufu, kwa hiyo mama hawezi kujua kwa hisia zake kama limeondoka au limebaki. Akikalia mvuke akajisikia vizuri, doa linaweza kuwa liko pale pale, na miaka ikapita. Majimaji yanayokauka si kipimo cha kupona kwa doa hili.

Baada ya tiba ndipo hatari inapozidi. Sehemu iliyogandishwa hufa na kutoka kidogo kidogo, na yale majimaji ndiyo njia ya mwili ya kuiondoa. Chini yake kuna ngozi changa iliyo wazi kwa wiki kadhaa, nayo iko mlangoni mwa mfuko wa uzazi. Maji ya majani yakiingizwa humo, hata yakiwa yamechemshwa, yanaweza kupeleka vijidudu juu hadi kwenye mirija, na maambukizi ya mirija ndiyo yanayoweza kweli kumzuia mtu kupata mtoto. Mwalimu, oga kama kawaida na ujioshe kwa nje kwa maji safi. Ndani pasiguswe.

Mke wa Maseno anauliza:

Samahani Mwalimu kwa kuingia katika swali lako, lakini linanihusu. Mimi ninaishi na virusi vya ukimwi na ninameza dawa zangu kila siku bila kukosa. Nilionekana na doa pia, lakini badala ya kugandishwa nimeambiwa niende hospitali kubwa nikakatwe kwa waya wa umeme. Niliogopa sana nikifikiri kwamba hali yangu ni mbaya kuliko ya wengine. Kuna anayejua kwa nini mwingine agandishwe na mwingine akatwe?

Daktari wa Nakuru anajibu:

Mama wa Maseno, kupewa rufaa hiyo peke yake hakumaanishi kwamba hali yako ni mbaya. Sababu zinaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni umbo la doa: kama lilikuwa kubwa, au lilikuwa linaingia katika mfereji ambako ncha ya kugandisha haifiki, basi waya ndiyo njia inayofaa kwa mwanamke yeyote, awe na virusi vya ukimwi au asiwe navyo. Waya ule mwembamba wenye umbo la kitanzi hukata sehemu yenye doa kwa umeme baada ya kudungwa ganzi, na kinachokatwa hupelekwa maabara, jambo ambalo kugandisha hakuwezi kutupa, kwa kuwa kilichogandishwa hakibaki cha kuchunguzwa.

Ya pili inatokana na utafiti uliofanyika hapa kwetu Kenya, mjini Nairobi, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Wanawake 400 wenye virusi vya ukimwi waliokuwa na mabadiliko ya seli ya kiwango cha juu, yaani yale yaliyo karibu zaidi na saratani, waligawanywa kwa kura, nusu wakagandishwa na nusu wakakatwa kwa waya, kisha wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Mabadiliko hayo yalirudi kwa takriban asilimia 30 ya waliogandishwa na asilimia 19 ya waliokatwa. Kwa hiyo pale ambapo waya na mtaalamu wake vinapatikana, daktari ana sababu nzuri ya kumpendekezea mwenye virusi vya ukimwi njia hiyo. Pale ambapo havipatikani, au ambapo safari itamfanya mama asiende kabisa, kugandishwa leo ni bora kuliko rufaa isiyofuatwa, nami nalisema hili kwa uzito kwa sababu mwanamke mwenye virusi vya ukimwi ana hatari ya kupata saratani hii mara 6 zaidi ya asiye navyo. Endelea kumeza dawa zako, nenda na rufaa yako, na uzingatie ule muda wa kutokutana kimwili hasa wewe, kwa maana kidonda kikiwa bado kibichi virusi vinaweza kutoka kwa wingi zaidi kuliko kawaida.

Mwalimu, nirudi kwako. Kugandisha hakufungi kizazi. Baridi hugusa ngozi ya nje ya mlango na kushuka milimita chache tu. Haifiki ndani ya mfuko wa uzazi, wala kwenye mirija, wala kwenye ovari. Mlango wenyewe kufinyika kwa kovu ni jambo linalotokea kwa nadra sana. Ngojeni kidonda kipone kabisa kabla ya kutafuta mimba, na utakapokuja kliniki ya wajawazito uwaeleze kwamba uliwahi kutibiwa hivyo.

Kuhusu gesi, nina neno kwa sababu tatizo hilo nimelikuta vituo vingi. Mitungi ni mizito, huisha bila kutarajiwa, na kuijaza hutegemea wauzaji wa gesi za viwandani ambao mara nyingi wako mbali. Ndiyo sababu vituo vingi vimeanza kutumia kifaa kidogo cha umeme au betri kinachotumia joto badala ya baridi: ncha yake hufikia nyuzi 100 hivi, na kila mguso huchukua chini ya dakika moja. Shirika la Afya Duniani liliikubali njia hiyo katika mwongozo wake wa mwaka 2019, na masharti ya nani anafaa ni yale yale aliyoyaeleza Muuguzi. Ukifika ukaambiwa tena kwamba gesi hakuna, usirudi nyumbani na tarehe ya tatu. Uliza kama wana kifaa cha joto, au ni kituo gani cha karibu kilicho nacho, na uombe rufaa iandikwe siku hiyo hiyo. Nikikutana na mama aliyechelewa, mara nyingi si woga uliomchelewesha, ni kurudishwa.

Dalili za kukurudisha kituoni bila kungoja tarehe yako ni homa inayopita nyuzi 38 kwa zaidi ya siku mbili, maumivu makali ya tumbo la chini yasiyotulizwa na dawa, majimaji yaliyogeuka usaha au yenye harufu mbaya, na damu inayozidi ya hedhi kwa zaidi ya siku mbili au yenye mabonge. Matone ya damu peke yake katika wiki ya pili au ya tatu yasikutishe.

Mwalimu wa Ahero anajibu:

Nimesoma yote mara mbili, na mume wangu nimempa asome, akayasoma yale ya Baba wa Kondele kwa sauti. Asanteni sana. Atakuja nami.

Nina mambo mawili yaliyobaki. Tarehe niliyopewa inaangukia siku ambazo kwa kawaida huwa katika hedhi, na wiki inayofuata shule zinafunguliwa. Je, niende hivyo hivyo au niahirishe? Na binti yangu wa kwanza atafikisha miaka 10 mwaka huu. Je, yeye naye kuna chanjo ya kumkinga na virusi hivyo vya HPV, na nimpeleke lini?

Muuguzi wa Kakamega anajibu:

Usiende ukiwa katika hedhi, dada, kwa sababu damu hutuzuia kuliona doa vizuri. Lakini usiahirishe kwa kukaa nyumbani tu. Wapigie simu leo, uwaambie hedhi yako huanza lini na huisha lini, uombe siku zile za mwanzo baada ya kuisha. Siku hizo ni nzuri pia kwa sababu hakuna wasiwasi wa ujauzito, na unapata wiki tatu hivi za kupona kabla hedhi nyingine haijaja. Hiyo itakayofuata inaweza kuwa nzito kidogo kuliko kawaida. Kama hilo litakuingiza katika wiki ya kufungua shule, omba ruhusa ya siku ya tiba peke yake, kisha mwone mwalimu mkuu kuhusu zile siku za kwanza alizokutajia Mama wa Nyalenda. Kazi ya kusahihisha madaftari ofisini ingekufaa.

Kwa binti, chanjo ya HPV ilianza kutolewa bila malipo nchini mwezi Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na hutolewa katika vituo vya afya vya umma. Mpeleke atakapotimiza umri huo, hata siku utakayorudi kuangaliwa. Chanjo haiondoi doa ambalo tayari lipo, ndiyo maana yeye anachanjwa na wewe unatibiwa.

Baada ya tiba utapimwa tena miezi 12 baadaye. Kipimo hicho usikiache hata ukijiona mzima, kwa sababu tiba hii huwaponya walio wengi lakini haiwaponyi wote, na aliyebaki na doa hutibiwa tena. Kabla hujatoka chumbani, mwombe muuguzi aandike kwenye kadi yako tarehe ya tiba, aina ya tiba, na mwezi wa kurudi mwakani, ili hata ukihamishiwa shule nyingine kadi hiyo isomeke katika kituo chochote utakachokwenda.